Theluji ya Sufi

Wiki ile Kibo ilijitanda mawingu, haikutaka wageni.
Nao wageni walikuwa wamekuja Moshi na kamera nne,
masanduku ya taa, mbwa mmoja,
na mwanamke wa kufa kwa baridi katikati ya theluji.
Wapagazi walifika nusu ya njia, wakarudi na mafua
na kamera tatu.
Ndipo mwongozaji, suruali imemlowa hadi magotini,
akauliza pale ghalani, kati ya magunia ya kahawa:
nani hapa anajua kutengeneza baridi?

Baba yangu, Anaeli Ndekirwa, fundi magodoro wa Kiboriloni,
akajibu: baridi siijui.
Weupe naujua.

Siku ya kwanza alimwaga unga wa mahindi.
Kuku wa mama Ruwaichi wakapenya chini ya mlango,
wakaula mlima wote kabla ya adhuhuri.

Basi tukachambua sufi. Siku tatu,
mimi, mama, na shangazi Apaikunda,
kokwa huku, weupe huku,
vumbi lake likituwasha mpaka ndani ya ndoto.
Chumvi ya mawe tuliiponda iwe barafu ya kwenye nyusi.
Mashine ya kupepetea kahawa ikageuzwa mdomo, ikawa upepo.
Baba akapanda kwenye kenchi na ungo,
akapepeta polepole,
kama mtu anayetafuta jiwe moja kwenye mchele wa wakwe.

Ikashuka.
Nilikuwa na miaka tisa na nilijua kila kokwa niliyoitoa,
lakini nilijikunyata.

Yule nyota, Bibi Helga, alilia vizuri mno.
Baadaye tulisikia kwamba kwao machozi yale yalisifiwa sana.
Sisi tulijua ni sufi.
Kuanguka kwenye genge alikataa, akashika kiuno,
kwa hiyo miguu inayoteleza pale ni ya shangazi Apaikunda,
imepakwa chokaa, na nywele zile zinazopeperuka ni katani.
Alilipwa shilingi sita na kipande cha sabuni
ambacho hakikuitoa chokaa.
Jumapili alikwenda kanisani na soksi.

Na Loishiye, aliyetoka Arusha kwa miguu kutafuta kibarua,
akapewa kazi ya kufa.
Alikufa mara kumi na moja: kwa mshale, kwa simba aliyejazwa majani,
kwa risasi yenye damu ya rosela,
na kila mara mwongozaji alipaza sauti: tena!
Naye huyo anainuka, anajikung'uta, anauliza afie upande gani.
Miaka mingi baadaye, hospitali ya Mawenzi,
nilisimama kando ya kitanda chake muda mrefu.
Hakuna aliyesema tena.

Picha ilipoletwa mjini tulikaa mbele, kwenye mabenchi ya mbao.
Theluji ilipoanza tu, mama akapiga chafya.
Ukumbi mzima ukacheka, yeye akazidi kupiga chafya,
na baba akamshika mkono gizani,
jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla.
Mwishoni majina yakapita. Baba alikuwa ameazima miwani.
Likapita la mshona kofia, la mpishi,
likapita la mbwa.
Alisubiri hadi kitambaa kikabaki cheupe, kitupu.
Tulipofika njia panda akasema:
lakini yule mbwa kweli alijituma.

Theluji yenyewe haikupotea.
Aliizoa yote, akaiosha chumvi, akaianika juu ya bati,
akashona magodoro mawili.
Moja alinunua karani wa reli.
La pili ndilo nililoolewa nalo.

Siku hizi, asubuhi mawingu yakifunguka,
mjukuu wangu huutazama mlima, upara umeingia pande zote,
akaniuliza kama ni kweli zamani theluji ilikuwa nyingi.
Ilikuwa nyingi, namwambia.
Inawasha macho.
Na ukiiacha bila kuichambua, ina kokwa.